Sombe Haikukuwa mu Liste Yangu

Mwaka yangu ya mwisho ya sekondari, mu section commerciale, ya biashara, mwalimu alitufundisha kitu moja yenye ilinikamata kichwa: bei ya benye kuchenji feza haisemake ukweli yote. Kama unataka kujua nguvu ya kweli ya feza ya inchi, chukua kitu moja, angalia bei yake huku na kule, ulinganishe. Nilifurahi sana. Siku ileile nikamupigia yaya simu.

Yaya, dada yangu mukubwa, iko Uganda tangu bwana yake alikufa na kijiji yao, ku njia ya Bogoro, ikaungua. Anafulia batu manguo kule, pamoja na mutoto yake mwanamuke wa miaka ine. Kila mwezi mama, mwenye anauzaka maharagi ku soko, alikuwa anamutumia mufuko: maharagi, bunga ya muhogo, samaki ya kukauka. Mimi ndiye nilikuwa naipeleka kwa bamama benye kuvuka ziwa kuenda Uganda. Kungojea gari yao ya kushuka ku ziwa, mu jua na mavumbi, asubuhi muzima! Nilichoka nayo.

"Yaya, sabuni ya muti, ile ndefu ya kufulia, huko bei gani?"

"Shilingi elfu tatu. Unataka kufungua butike?"

"Na sukari? Na mafuta?"

"Weye, unité yako ya simu itaisha!" Alicheka, lakini alinitajia yote.

Huku Bunia sabuni ileile, yenye inatokaka kwao, ni franka elfu ine. Yaya alikuwa anapata shilingi elfu tano kwa siku. Kwa benye kuchenji, hiyo haifike hata franka elfu ine. Kwa hesabu ya sabuni, inapita franka elfu sita. Sukari ikasema vile, mafuta vile. Nikamuonyesha mama kaye yangu yenye niliandika hesabu.

"Mama, yaya iko na feza kutushinda. Mufuko ya nini?"

"Ni kweli, hajalalamika hata siku moja," mama akasema. "Weye ndiye ulisoma."

Mufuko ikasimama. Ile feza ya mufuko ikalipa inscription yangu ya kuingia université. Naandika hivi juu ni kweli.

Kisha miezi mine, mama mumoja wa kuvuka ziwa akafika kwetu, mu mutaa ya Saio, amemushika mutoto ya yaya mukono. Mutoto alikonda, macho ndiyo ilikuwa kubwa.

"Mama yake anasema mumulishe huyu," yule mama akasema. "Yeye peke yake ataweza."

Nikapiga simu na kasirani.

"Yaya, juu ya nini haukusema?"

"Uliniuliza sabuni. Sabuni tunakulaka?"

Kisha akanitajia yenye sikuuliza: nyumba ya kulipa, kuni, maji ya kununua bido kwa bido, hata sombe, ile majani ya muhogo, kifungo kidogo kila siku na feza. Siye tunachuma sombe nyuma ya nyumba, maji tunachota bure kwa jirani. Sikuweka hiyo mu liste juu kwetu haina bei. Niliweka tu vitu yenye inatoka Uganda, na hiyo ndiyo inauzwaka bei ya chini kule. Chakula yao ingine yote ilikuwa ndani ya mufuko ya mama.

Mama hakunigombeza. Ingekuwa heri anigombeze. Alijaza mufuko, akaifunga kamba, akaniwekea mbele ya miguu. Kesho yake nikaipeleka, nikangojea gari mupaka ikaondoka.

Lakini mutoto alibakia. Jioni yake ya kwanza, mama alimuwekea fufu na sombe. Akaiangalia tu, mikono chini ya meza.

"Koko, hii ni bei gani?" akamuuliza nyanya yake.

"Haina bei, mama yangu. Kula."

Akakula polepole, mupaka katikati ya sahani. Kisha akaisukuma kwangu na mikono mbili.

"Hii ni ya mama," akasema. "Umutumie."