Chumvi Mwilini mwa Samaki wa Shangazi

Harufu ya maji ya bahari niliijua kabla sijaiona bahari. Ilikuwa ndani ya hoteli ndogo ya Shangazi Nekesa mjini Busia, upande wa Uganda, ikichanganyika na moshi wa mkaa na chai ya tangawizi. Mumewe alifanya kazi Mombasa, na likizo moja alimletea tangi la kioo, pakiti za chumvi ya bahari na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Shangazi hakujaliwa mtoto. Aliwasalimia samaki wale asubuhi kabla ya kuwasalimia wateja, na watu walivuka mpaka kuja kunywa chai kwake ili wawaone tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kukoroga ile chumvi ndooni ilikuwa kazi yangu. Nilivimba kichwa, msinione hivi.

Likizo ya Agosti mumewe akaleta wa tatu, wa buluu, akaacha na maagizo: mgeni akae peke yake kwenye beseni majuma manne, asije akawa na ugonjwa. Nilivumilia siku tatu. Alizunguka beseni akigongagonga ukingo kwa mdomo, nami roho ikaniuma. Shangazi alipokwenda mnada wa Nagongera kununua maharage, nikamhamishia tangini. Aliporudi nikamwambia beseni lilivuja. Akanisifu kwa kuwahi.

Juma moja baadaye mapezi ya yule wa buluu yakatokwa na vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi.

"Ajambo, hii samaki iko na nini? Si ni ugonjwa?" Shangazi aliniuliza, akiniita kwa jina langu.

"Ni chumvi, Shangazi. Haijayeyuka vizuri."

Wateja wakacheka, wakasema mtoto ana akili. Nikakoroga maji mpaka bega likaniuma, nikijua fika kwamba nadanganya. Siku ya nne vidoa vikatoweka. Shangazi alipiga vigelegele, nami nikamshukuru Mungu kwa kunifichia aibu. Kumbe vijidudu vya ugonjwa vilikuwa vimeshuka kwenye mchanga wa chini ya tangi kuzaliana.

Viliporudi viliwavamia wote watatu. Walionekana kana kwamba wamepakwa unga wa sembe, wakahemea juu ya maji midomo wazi. Shangazi akamwita mama yangu, aliyeuza sokoni samaki wa ziwani kutoka Majanji, mtu ambaye hakuna mvuvi aliyewahi kumuuzia samaki wa jana. Mama aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu.

"Mimi najua samaki ya kufa," alisema. "Hii ya kuishi, haki ya Mungu sijui."

Mchana ule, yule wa buluu alikufa. Mama akamweka kiganjani, akayafunua mashavu kwa kidole gumba kama alivyofanya sokoni kila siku. Ndani palikuwa peupe, pana utelezi, na vidoa vilevile vimejaa.

"Hii ni ugonjwa, wifi. Imeingia mpaka huku kwa kupumua. Ilianza lini?"

Wote wawili wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyewalisha. Ningesema kweli, wangempigia simu mume wa Shangazi saa ileile, na aliyemuuzia samaki angejua dawa.

"Jana," nikasema.

Basi, kwa kuwa ni jana tu, wakaamua ugonjwa umeletwa na joto, wakawapepea maji kwa sinia. Wale wa rangi ya chungwa walikufa kesho yake, mmoja asubuhi, mwingine jioni. Shangazi hakufungua hoteli siku mbili.

Leo nafanya kazi katika maabara ya hospitali, Tororo, na vijidudu vya kila namna nimevitazama kwa darubini. Lile tangi sasa Shangazi anawekea mandazi. Mwezi uliopita binti yangu alimuuliza kwa nini hafugi samaki tena.

"Bahari iko mbali, mjukuu wangu," alimjibu bila uchungu wowote. "Samaki ya chumvi haiwezi kuishi Busia."

Sikuweza kunyamaza tena. Nikamwambia yote: beseni, chumvi, ile jana yangu. Alisikiliza huku akipangusa kioo kilichokuwa kisafi tayari.

"Kwa hivyo wangeishi?"

"Pengine wangeishi, Shangazi."

Alikunja kitambaa, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nilimsikia akipenga kamasi. Wateja waliendelea kuingia, nami nikabaki nikiwauzia mandazi.