Nikiutaja Ugonjwa Wake, Nimeachika

Kisa hiki kimetufikia kwa posta. Jina la mwenyewe tunalo, na litabaki kwetu.

Bwana Mhariri, mji wangu pia usiutaje. Sema tu ni huku kusini, kati ya Diani na Msambweni. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na kidogo. Mume wangu sote hapa twamwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye anayeswalisha msikitini na kusomesha watoto chuoni. Binti zetu wameolewa mbali, nyumbani tumebaki wawili. Hati yangu mnisamehe, kalamu niliijua ukubwani. Nikimpa mtu aniandikie nitakuwa nimesema, na kusema ndiko nilikokatazwa.

Ilianza mwaka jana. Mwalimu akienda chooni hukaa mpaka nikafikiri amesinzia, na akitoka, muda si muda arudi tena. Mkojo hauna nguvu, hukatika, na akishavaa nguo humdondoka. Mtu wa swala na mkojo wa kudondoka, mnajua taabu yake: udhu haukai. Akaanza kujifunga vitambaa vya kanga zangu kuukuu, nami huvifua na kuvianika chumbani. Siku moja jirani aliviona akacheka, "Ee bibi, winda hizi za nani? Umejaaliwa uzeeni?" Nikacheka naye, na moyoni nilitaka kumtia kofi.

Ugonjwa huu mimi naujua, ulimpata marehemu baba yangu. Naye alikuwa akidondokwa, tukasema madhali mkojo watoka hapana neno. Kumbe kibofu kimejaa hakiwezi kujimwaga, na yale matone ni ya kufurika tu, kama mtungi uliojaa pomoni. Tulipomfikisha hospitali walimpitishia mpira mwembamba, mkojo ukatoka beseni nzima na tumbo likashuka tukiona kwa macho. Daktari akatwambia kuna tezi shingoni mwa kibofu, huwavimba wanaume wakizeeka, na mkojo ukizuiwa hivyo mafigo huharibika. Baadaye akapasuliwa Mombasa, akarudi akalima miaka mingi.

Sasa tumbo la Mwalimu chini ya kitovu limetuna, ukiligusa gumu. Miguu yavimba, chakula hataki, na tangu jana ana kwikwi isiyokatika. Nimeingiwa na hofu kubwa. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe ruhusa nimwite shemeji tukupeleke hospitali."

"Nikavuliwe nguo na vijana, kisha nirudi na mpira? Nani ataswali nyuma yangu?"

"Bora waswali nyuma ya mwingine kuliko wakuswalie wewe."

Neno hilo lilimchoma. Akainuka kitandani kwa tabu, akanielekezea kidole. "Wallahi, ukimwambia mtu yeyote maradhi yangu haya, talaka yako hiyo!"

Wenzangu, alishaniacha mara mbili, ya kwanza kwa ugomvi wa mbuzi, ya pili kwa kwenda matangani bila ruhusa, na zote alinirejea kabla ya eda kwisha. Hii ni ya tatu, haina kurejewa. Hasira zake zisiwadanganye, ni mume mwema na nampenda. Ningemuuliza mwenye elimu kama kiapo cha namna hii chashika, lakini hapa kwetu mwenye kuulizwa mambo ya talaka ni Mwalimu mwenyewe.

Naandika nikiwa jikoni, kwikwi yake naisikia kutoka chumbani. Nikinyamaza nitakuwa mjane mwenye ndoa yake kamili. Nikisema, huenda akapona, tukawa twapishana njiani kama watu baki.

Mjuao sheria, jina lake sikulitaja, lakini maradhi yake nimekwisha kuwasimulia nyinyi nyote. Je, nimeshaachika? Jibu lenu najua litachelewa, na kibofu hakingoji gazeti. Basi barua hii nikishaitia posta kesho asubuhi, nitajihesabu nimeachika, nipitie kwa shemeji nimwambie aje na kitanda tumbebe, atake asitake.

Mtakaponijibu, inshallah atakuwa hai na mimi niko kando yake hospitali. Nishaurini, jamani: nikae pale kama nani?