Mpa

Siku ya kwanza kupangwa kikosi cha kwanza pale Kasulu, nilibaki peke yangu mbele ya goli, mpira anao kiungo wetu. Kiswahili kikanitoka, nikapiga kelele kwa Kiha cha kwetu Kibondo: "Mpa! Mpa!" Yaani, nipe. Akanitazama usoni, akampa winga, mpira ukapotea. Tukafungwa.

Kocha, mtu wa Dar, akamfokea kiungo. Yeye akacheka. "Si kasema mwenyewe 'mpa'? Nikampa mwenzake."

Wote wakaangua kicheko, hata Waha. Kocha akanirudisha benchi nikajifunze Kiswahili, na benchi ndilo lililonizeesha.

Nimewahi kula kwao yule kiungo mshenzi. Mama yake hajui Kiswahili. Akitaka chumvi humwambia mwanawe, "Mpa umunyu." Na chumvi haijawahi kwenda kwa winga.