Friti za Mama Shakuru

Mtu akitaka kumuudhi Mwanasiti, amwambie friti zake zimelowa mafuta. Ukimwambia mwanawe mvivu atacheka, ukimwambia bati lake linavuja atakushika mkono akuonyeshe panapovuja, lakini friti usiziguse. Pale Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa zamani wa Bujumbura, pilau watu wanaipika tangu enzi za babu zao na hakuna anayeshangazwa na chungu cha jirani. Yeye alijulikana kwa viazi vya kukaanga, na kujulikana Buyenzi kwa chakula si jambo dogo.

Alijifunzia mtaa wa Rohero, kwa madame mmoja mgeni aliyekuwa amemwajiri kabla ya vita. Huyo madame wali ulimshinda, chai yake ilikuwa maji yaliyotiwa rangi, lakini alikuwa na chakula chake kimoja: friti zilizomwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya kusaga, maharage na pilipili, halafu juu yake jibini ya kukuna, ambayo mji mzima unaiita fromaji, mpaka iyeyuke na kuvutika. Siku ya kwanza Mwanasiti aliona ni ovyo tu, vyakula vitatu vinagombania sahani moja. Alipoonja alinyamaza. Vita ilipoanza madame akafunga virago, akamwachia karai la chuma na kikunio, na Mwanasiti akakihamishia chakula kile Buyenzi. Pilipili aliongeza, kwa sababu ile ya madame ilikuwa ya watoto.

Kukipika wakati wa vita ilikuwa kazi kweli. Viazi vilishuka kutoka milimani siku barabara ikiwa wazi. Ikifungwa, mnatazamana na mihogo. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, na mafuta safi ya kupikia yakawa kitu cha kusimuliwa. Mwanasiti alitumia mawese. Aliyachemsha mpaka wekundu uondoke, na moshi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba mumewe, Chabani, fundi wa magari, aliwahi msikitini kuliko imamu. Viazi alivikaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto mdogo, viive tu. Anavitoa, anaviacha vipoe kabisa. Kisha anavirudisha kwenye mafuta yaliyokasirika. Waliofupisha kazi na kukaanga mara moja alikuwa akiwajua kwa kutazama sahani zao, na hakuwaficha.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia Januari, na ndani ya Ramadhani hiyo likaja jambo la Shakuru, mwanawe mkubwa. Shakuru alikuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja, na alikuwa ametaka kumwoa Ingrid, binti wa Kikristo wa Carama, kule kaskazini ya mji. Habari ya dini walikuwa wameimaliza. Chabani alinung'unika, akashauriana na shehe wake, akaacha kunung'unika. Aliyebaki ni mama yake Ingrid. Alikuwa mjane, anaitwa Adélaïde, na alisema hatawatuma kaka zake kuketi na Chabani kabla hajaenda mwenyewe kuiona nyumba ambamo mtoto wake atalala. Ingrid naye alisema waziwazi kwamba mama yake akikataa, yeye haolewi. Kwa hiyo yote ilikuwa mikononi mwa mama huyo mmoja.

Ubaya ni kwamba hangeweza kuja jioni. Basi za kwenda Carama ziliacha kutembea kabla ya giza, na baada ya hapo ni vizuizi vya askari na marufuku ya kutoka. Ingembidi aje mchana, ale mchana, peke yake, wenyeji wake wote wamefunga wanamtazama. Mwanasiti aliumia sana. Mgeni wa kwanza wa ukweni, halafu ale peke yake kama mgonjwa!

"Mama yake anapenda friti," Shakuru alisema. "Na fromaji. Ingrid anasema alizoea kwa masista, wakati iko anasoma."

"Basi ameshaolewa huyo mutoto," Mwanasiti akajibu, akaanza kufunga kilemba.

Jibini aliipata kwa Byamungu, mchuuzi wa Bukavu aliyekuwa akivusha bidhaa kupitia Uvira. Aliifunga ndani ya majani ya mgomba, ikafika imelainika pembeni lakini nzima. Siku yenyewe ilipofika, Mwanasiti alianza na maharage alfajiri, mara tu baada ya daku. Nyama ya kusaga aliikaangia vitunguu na nyanya mpaka maji yakauke, akatia maharage, akatia pilipili ya kuponda. Viazi vikapata moto wa kwanza, vikaenda kupoa chini ya kawa. Assia, binti yake, alitumwa kituoni kumpokea mgeni, akaambiwa asimlete kabla ya alasiri.

Lakini basi ya Carama ilijaa haraka siku hiyo, kwa sababu watu walikuwa wanasikia uvumi wa barabara kufungwa, na Adélaïde akawahi. Assia alimleta moja kwa moja uani, akamkalisha kwenye kiti cha kamba, akakimbilia ndani kumtafutia maji. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mwanasiti alikuwa amewapa mgongo, anahangaika na mchuzi, hajui kama kuna mtu.

Alikuwa na mashaka na chumvi. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, mradi asimeze. Kila mwanamke wa Buyenzi analijua hilo na hufanya hivyo mwezi mzima bila kufikiri. Akachota kwa mwiko, akagusa na ulimi, akatema majivuni. Akatema tena, kwa nguvu, kwa sababu ya ile pilipili. Akasukutua mdomo kwa maji, akatema na hayo. Kisha akageuka, akamwona mgeni amekaa wima kwenye kiti, mkoba juu ya magoti.

"Yoo, Mama Ingrid! Karibu! Mbona wameniachia mugeni peke yake?"

Adélaïde alijibu salamu vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na vitambaa vyake vilikuwa vimepigwa pasi barabara. Aliiangalia nyumba, akauliza kisima kiko wapi, akauliza Shakuru analala chumba gani. Mwanasiti aliona mambo yanakwenda. Akaingia jikoni, akavipa viazi moto wa pili, akavimwagia mchuzi, akakuna jibini juu na kufunika kidogo na sufuria ya moto ili iyeyuke. Ikatoka kama alivyotaka. Yeye mwenyewe mate yalimjaa, akaomba toba.

Akaweka sahani mbele ya mgeni. "Sisi tumefunga, utatusamehe. We kula, mama. Fromaji ikipoa inakuwa ngozi."

Adélaïde alitazama sahani. "Asante. Nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Nimeshiba, Mama Shakuru."

Basi wakakaa hivyo. Mwanasiti alisifia viazi, akasifia jibini, akaeleza ilivyovuka Uvira. Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu, mikono haikutoka kwenye mkoba. Ule uzi wa jibini ukaacha kung'aa. Na Mwanasiti, ambaye uvumilivu haukuwa sifa yake, hata akiwa amefunga, akaanza kupandwa na hasira. Alisema moyoni kwamba huyu mama anawadharau. Kwamba chakula cha Waislamu kinamchukiza. Kwamba afadhali aseme waziwazi kuliko kumkalia hapo kama polisi. Adélaïde aliposimama na kusema anawahi basi, ikamtoka.

"Utarudi kwako bila kugusa chakula yangu? Nimekukosea nini?"

Adélaïde alimtazama usoni. "Nimekuona," alisema. "Umeonja, umetema. Mara tatu umetema. Sasa unanipa mimi."

Mwanasiti nusura acheke. Alielewa papo hapo, akaona aibu ya kutoelewa mapema. Mji mzima ulikuwa na desturi hiyo, yeye pia alikuwa nayo: anayetoa kinywaji au chakula ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya mgeni, na kumeza, ili mgeni ajue hakuna sumu ndani. Miaka ya vita desturi hiyo ilikuwa imegeuka kuwa sheria. Watu waliokuwa wakitembea chini ya risasi bila kugeuza shingo walikuwa wanaogopa glasi ya jirani. Na yeye, kwa ajili ya saumu, alikuwa amemfanyia mgeni kinyume chake kabisa.

Akaeleza. Alieleza habari ya ulimi, ya chumvi, ya saumu, akimwita Assia kuwa shahidi. Adélaïde alisikiliza yote.

"Bwana yangu Libère alipewa glasi ya pombe mu kabare," alisema. "Hakufika asubui. Mi sijakula kwa mutu tangu siku ile. Hata kwa dada yangu. Nilitaka kujaribu leo, juu ya Ingrid." Kisha akasema, kwa sauti iliyokaribia kubembeleza: "Basi onja. Kipande kimoja tu, umeze. Mungu atakusamehe, nami nitakula."

Mwanasiti akachukua kipande. Kilikuwa kidogo, kimeshikwa na jibini upande mmoja. Alimfikiria Shakuru, ambaye wakati huo alikuwa akizunguka mjini na pikapu bila kazi kwa sababu aliogopa kurudi nyumbani. Alifikiri kwamba siku moja italipwa, wanawake hulipa siku zao kila mwaka. Lakini wao hulipa kwa udhuru, na yeye udhuru hana. Angekuwa anamuuza Mola wake mchana kweupe, uani kwake, ili mgeni aridhike. Mkono ulifika karibu na mdomo, ukarudi.

"Siwezi."

"Hata juu ya mutoto yako?"

"Hata juu ya mutoto yangu." Na hapo Mwanasiti akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akifuta macho kwa ncha ya kanga. Alijua amemvunjia mwanawe nyumba kabla haijajengwa. "Nenda, mama. Utakosa bisi."

Adélaïde hakwenda. Alisimama pale na mkoba wake muda mrefu, akimtazama mwanamke yule analia.

"Munafungua wakati gani?" akauliza.

"Adhana ya magaribi. Lakini bisi itakuwa imeisha. Kutoka hutaweza tena."

"Najua." Akaketi. "Sahani usiitoe hapa. Iache mbele yangu, niione."

Mwanasiti alitamani walau aipashe moto, kwa sababu roho ilimuuma kuona kazi yake inagandia pale. Akaifunika tu kwa kawa, wakakaa wote wawili, sahani katikati yao, jua likielekea milima ya Kongo. Chabani alirudi kutoka gereji, akawaona, akasalimia, akaambiwa na Assia kwa kunong'ona, akaenda zake msikitini. Mwanasiti alimsimulia mgeni habari ya kaka yake Massoudi, aliyekwenda Kajaga kununua samaki na mpaka leo hajaonekana, wala maiti yake. Hakuwa amepanga kumsimulia. Adélaïde naye alimwambia ni nani aliyempa mumewe ile glasi: rafiki wa miaka mingi, msimamizi wa ubatizo wa Ingrid.

"Nilimuambia aonje. Akacheka. Akasema, mbele ya Mungu iko salama." Alinyoosha kitambaa magotini. "Jina ya Mungu ilimutoka haraka sana. Yako imekuliza. Njo maana nimebaki."



Adhana ilipoanza, Assia alileta tende na maji. Mwanasiti alizisukuma pembeni. Alifunua sahani, jibini ilikuwa imeshakuwa ngozi kweli, na viazi vimelegea, friti mbaya kuliko zote alizowahi kumwekea mtu. Akachukua kipande juu kabisa, mahali mgeni anapoona vizuri, akasoma dua, akatia mdomoni. Alikuwa bado anatafuna alipoona mkono wa Adélaïde umeshaingia sahanini.

Mgeni hakungoja mwenzake ameze. Alikula kipande cha kwanza, akala cha pili pamoja na mchuzi, machozi yakamtoka, na haikujulikana ni ya pilipili au ya nini, mpaka aliposema mwenyewe: "Nilikuwa nimesahau chakula ya mutu mwingine inakuwaje." Alikula kama mtu aliyekuwa na njaa ya miaka, akakwangua mchuzi kwa kidole, akauvuta uzi wa jibini uliokuwa umeshikilia ukingoni.

Sahani ilipokuwa tupu aliisogeza mbele. "Iko ingine?"

"Iko," alisema Mwanasiti. Haikuwepo. Akainuka, akaingia jikoni kumenya viazi, na maji ya kufungulia alikuwa bado hajayagusa.