Malkia na Mshonaji

Mwalimu wetu wa kike alipoletwa Garsen, katika miaka ya hamsini, wasichana shuleni tulikuwa wa kuhesabika. Siku moja alitangaza kwamba tutaigiza michezo miwili: mmoja wa kale, alioutafsiri mwenyewe, na mwingine mpya alioutunga. Mimi alinipa nafasi ya mwanamke mkuu katika yote miwili.

Wa kale alikuwa malkia. Mfalme alimhukumu kifo kwa kosa asilolitenda, naye akajitetea kwa maneno marefu, matamu, kisha akanywa sumu. Wa mchezo mpya alikuwa mshonaji nguo. Mumewe alitaka kuiuza cherehani yake. "Haitoki hapa," mke akasema, akaketi, akaendelea kushona.

Nilimpenda malkia, na taji lake lililosukwa kwa miyaa. Mshonaji nilimwona mkavu. Mwalimu akaniuliza, "Malkia angekuwa na pa kwenda, angeinywa sumu ile?"



Siku ya maonyesho mama alikuja kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto, akaketi mbele kabisa. Baba alikuwa amefariki, na mdogo wake alikuwa ameanza kulima shamba letu la ukingoni mwa mto bila kumuuliza mtu. Mama alikuwa hajasema neno.

Tulipokuwa tukivuka kurudi nyumbani, akaacha kupiga kasia.

"Yule malkia kasema vizuri, akafa. Mshonaji kasema kidogo, akabaki na chake. Mimi nayataka maneno ya yule na maisha ya huyu."

Wiki ile ile alikwenda mbele ya wazee. Alieleza nani aliyefyeka pori lile likawa shamba, na nani aliyepanda upya kila mafuriko yalipopungua. Baba mdogo akadakia kwamba mwanamke hana sauti pale.

"Shemeji," mama akamjibu, "mbona umenisikia tangu asubuhi?"

Wazee wakacheka, hata yeye akatabasamu. Shamba likarudi kwetu, na kwa shamba lile mimi niliendelea kusoma. Sijui ningekuwa wapi leo bila wanawake wale wawili, mama na mwalimu.

Tulipovuna, mama alimpelekea mwalimu kapu la mpunga.

"Lakini mama," mwalimu akasema, "mimi sikufanya kitu. Nilifundisha watoto mchezo tu."

"Ndicho hicho, mwalimu," mama akasema, akiliweka kapu mlangoni. "Pokea."