Iambie Simu Unavuta Nini

Jumamosi ile ya umuganda, ya kazi za pamoja mtaani, naikumbuka kama ilikuwa juzi, mwanangu, na hata ningetaka kuisahau watu wa Gahanga wasingeniruhusu. Ilikuwa siku ya kwanza karavani yangu, nyumba ya kukokotwa na gari, kwenda kazini. Kaa vizuri nikusimulie, maana wewe na wenzako mnaokuja kuniomba funguo mnadhani kazi yenyewe ni kukanyaga mafuta tu.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, nikawa utingo kwenye malori ya Dar es Salaam kupitia Rusumo. Sikuwa na mjomba ofisini wala shamba la kurithi. Kila unachokiona katika uwanja huu nimekitafuta kwa mikono hii hii. Ile karavani niliikuta imetupwa uani kwa mtu, majani yameota mpaka dirishani, kuku wanalala ndani. Nikaikokota hadi Kimisagara. Mimi na fundi wa kuchomelea tukabadilisha ekseli, tukaipaka rangi nyeupe, nikatia pazia, feni, kiti cha kuzunguka na kioo kirefu cha kumwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi miguuni. Watu walipita gereji wakicheka: "Boni, hiyo nyumba ya kuku inahamia wapi?" Mimi niliendelea kupaka rangi. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wao hawakuliona. Mji huu una harusi nyingi, na bibi harusi hana mahali pa kujifichia. Kama kuna mtu alinitangulia Kigali kwa wazo hilo, aje anionyeshe karavani yake.

Mila zetu unazijua. Siku ya kuposa, wakwe wanakaa upande wao, wazee wanashindana kwa maneno matamu, na msichana haonekani mpaka aitwe. Wakwe wakimwona mapema, sherehe yote imeingia doa. Sasa mteja wangu wa kwanza alikuwa mukecuru mmoja, bibi mzee wa Gahanga, aliyemlea mjukuu wake Diane tangu akiwa mchanga. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, lakini aliapa kwamba Diane ataposwa pale pale alipolelewa, si kwenye bustani ya kukodi. Siku tulipopatana alinishika mkono akasema, "Mwanangu, huyu mtoto nimemlea peke yangu. Wakwe zangu wasije wakamkuta jikoni."

Kwa hiyo mishanana ya Diane na ya wasichana wake tuliitundika ndani ya karavani Ijumaa. Nisipofika, msichana hana pa kujificha, wala hana nguo ya kuvaa. Na mimi ningekuwa mtu wa nyumba ya kuku mpaka kufa kwangu.

Asubuhi ya umuganda magari hayatembei, hilo unalijua. Tulizibua mitaro Kimisagara, mkutano wa mtaa ukaisha, nikanawa matope, nikaifunga karavani nyuma ya pikapu. Pembeni yangu alikaa Mzee Gaspari, dereva wa lori aliyenifunza barabara nikiwa utingo wake. Alikuwa amestaafu, amevaa koti lake la kanisani. Nilimwalika makusudi, sikufichi. Nilitaka aone nilikofika. Pale mbele niliisimika simu mpya, ramani inang'aa, mstari wa buluu unatuonyesha njia, mwanamke anasema pinda kulia, pinda kushoto.

Mzee akaitazama muda mrefu. "Umeisalimia?"

"Simu haisalimiwi, Mzee."

"Lakini unaiuliza njia."

"Ndiyo kazi yake."

Akageuza uso dirishani.

Pale Kicukiro magari yalikuwa yamejaa, kwa sababu kila aliyezuiliwa asubuhi alitoka saa ile ile. Hapo akatokea Faustini, mjomba wake Diane, juu ya pikipiki, ametumwa kutupokea. Akagonga kioo changu. "Boss, njia kubwa imekufa! Nifuate mimi, tukate huku ndani, dakika kidogo tu tumefika. Iko njia nzuri sana."

Nikaangalia simu. Nayo ilikuwa inaonyesha huko huko, kichochoro cha kukatiza kati ya nyumba. Simu na mjomba wamekubaliana, mimi ni nani nibishe? Nikawasha taa ya kupinda.

Mzee Gaspari akaweka kiganja juu ya usukani. "Simamisha."

"Mzee, tumechelewa."

"Simamisha pembeni, Bonifasi." Aliponiita kwa jina zima nilisimamisha. "Ukifika kwenye boma la watu hujui njia, unasemaje?"

"Nasalimia. Nasema mimi ni nani, natoka wapi."

"Na una nini?"

"Nina mzigo gani, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ili waniambie njia inayonifaa."

"Sasa hii simu umeiambia una nyumba nyuma yako?"

Niliishika ile simu nikaitazama vizuri, na kumbe juu kabisa palikuwa na alama ya pikipiki! Wiki nzima nilikuwa naitumia kumwelekeza kijana wa pikipiki aniletee vifaa. Simu haikunidanganya hata kidogo. Ilikuwa inampa mwenye pikipiki njia ya pikipiki, kama Faustini tu.

"Njia hiyo umepita lini?" nikamuuliza Faustini.

"Jana!"

"Na nini?"

"Na hii hii." Akapiga tangi la pikipiki yake.

"Huko ndani kuna mahali pa kugeuzia?"

"Ugeuze kwa nini na wewe unaenda mbele? Sha, wewe unaogopa! Gari kubwa, moyo wa sungura."

Hapo mtu mjinga angeingia ili kumwonyesha moyo wake. Mimi si mjinga. Kuingia mbele kila mtu anaweza. Lakini ukiwa na karavani nyuma, kurudi ni vita: unakata usukani kulia, nyumba inakwenda kushoto, na kushoto kuna mtaro wa mawe unaokufika kiunoni. Nikafungua ile ramani nyingine ambayo wanaitumia madereva wa malori, ile inayokuuliza upana, urefu na kimo. Vipimo nilikuwa navyo kichwani, kwa sababu karavani ile naijua kama ninavyolijua shati langu. Nikaijaza. Kisha nikageuza picha ya kutoka angani, nikaivuta kwa vidole, nikakifuata kichochoro cha Faustini mwanzo hadi mwisho. Katikati paa za nyumba zilikuwa zinakaribia kugusana.

Simu ikafikiri. Halafu ikafuta mstari wake na kuchora mwingine: tubaki kwenye njia kubwa ya kwenda Bugesera, tuvuke senta ya Gahanga, kisha turudi kwa barabara ya udongo mwekundu inayopanda kwenye nyumba mpya. Mrefu, mrefu kweli. Mzee akasogeza uso karibu. "Hiyo naiona ni ya malori ya mchanga," akasema. "Penye lori la mchanga unapita. Sasa mmesalimiana."

Faustini akatema mate. "Basi mimi nakwenda kuwaleta wakwe na kosta yao. Wao si waoga." Akaondoka na moshi wake.

Mwanangu, foleni ile ilinikausha mate. Mukecuru alipiga simu, Mzee akaipokea: "Tunakuja kwa njia nzima, mama. Msichana akae jikoni kwanza." Nami nikaenda polepole, vioo vyote viwili naviangalia kwa zamu, karavani inanifuata kama ng'ombe aliyezoea kamba. Tulipoingia ile barabara nyekundu, tulipishana na lori la mchanga bila mtu kuvunja kioo. Nikaingia lango la mukecuru mara moja tu, sikurudi nyuma hata kidogo, na majirani waliosimama pale wakapiga makofi. Nani alikuwa amewahi kuona nyumba ikiingia harusini yenyewe?

Uwanja ulikuwa mtupu upande wa wakwe. Hawajafika. Diane akatoka jikoni mbio, kitambaa kichwani, moshi machoni, akapanda ngazi na wasichana wake, nikawafungia mlango. Mukecuru akaizunguka karavani taratibu, akaigusa ubavuni kwa kiganja. "Imepita langoni kama mgeni mwenye adabu," akasema. Maneno hayo nimeyaandika ubavuni mwa karavani zangu zote tatu, nenda ukasome.

Tulingoja wakwe. Mwishowe wakatokea kwa miguu, kina mama na vikapu vyao kichwani, wazee na fimbo, viatu vyote vyekundu kwa vumbi. Kosta ilikuwa imebanwa kichochoroni, ukuta huku, mtaro huku, haiendi wala hairudi. Hakuna aliyeumia ila majivuno. Wazee wakakaa, wakanawishwa, maneno matamu yakaanza. Diane alipoitwa, akatoka kwenye mlango wangu na mushanana wake wa dhahabu, na mukecuru alilia wazi mbele ya watu wote.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Faustini, kofia mkononi. "Boss... pikapu yako iko na nguvu. Ungekuja kuvuta ile kosta."

Nikamtazama. "Kwanza niambie ina upana gani."

Mzee Gaspari alicheka mpaka akashika mbavu za koti. Na kosta niliitoa, ndiyo, tena bila kukwaruza ukuta. Mimi ni mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujaiuliza simu, au mtu yeyote, njia ya kwenda popote, sema kwanza unavuta nini. Mwenye pikipiki atakupa njia ya pikipiki, na hana kosa. Itazame njia mpaka mwisho wake ukiwa umesimama, usiitazame ukiwa umeshabanwa. Kama huna uhakika, shuka, tembea kwa miguu, pima. Na atakayekucheka kwa kuzunguka mbali, mwache acheke, mtakutana langoni. Hata utakapooa ukawa na watoto nyuma yako, usifuate njia ya mtu asiyevuta kitu.

Funguo hizi hapa. Mungu akutangulie kwenye kona, akupe nafasi ya kugeuzia kila utakapokosea, na malango ya watu yafunguke mabawa yote mawili ukifika.