Kioo cha Mama Mikate

Asubuhi ile walikosana kwa ajili ya ndoo. Mume aliiacha njiani, mke akajikwaa nayo, kidogo amwage chai.

"Wewe huoni, sawa," mke akasema. "Sasa mbona unatutegea mitego sisi tunaoona?"

"Nilikwambia iko hapo. Hukusikia."

"Uliniambia upande gani?"

"Huo."

"Huo ni upande wa maiti, mzee. Ukitaka kusema na mtu, zunguka huku."

Wakacheka. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao. Mama alikuwa amefanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka tangu usichana wake, na ile mashine ikamla masikio pole pole. La kushoto lilikufa kabisa, hilo ndilo aliloliita upande wa maiti. La kulia lilibaki nusu. Mumewe naye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, moto ukamla macho. Majirani walisema nyumba ile ina mtu mmoja mzima, ila amegawanywa mara mbili.

Mama alikunywa chai yake kwa kusimama. Akafunga kreti tupu nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu. Akapangusa kioo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, maana umande hukipofusha.

"Mvua ikija uanue nguo," akasema.

"Nenda, mama. Nitaanua."

Hakutoka mlangoni kumsindikiza. Nani hutoka mlangoni kumsindikiza mkewe anayekwenda kazini kila siku?

Kile kioo ndicho kilicholeta maneno baadaye, kwa hiyo lazima kielezwe.

Kwenye mashine walimwachisha kazi siku hizo alipokuwa hasikii tena msimamizi akipiga kelele. Akachukuliwa na tanuri la mikate. Alfajiri anapakia, anasambaza kwenye maduka na vibanda, jua likipanda amemaliza. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Mikate. Hata waliojua jina lake la kwao waliliacha.

Kazi aliipenda. Tatizo lilikuwa magari. Mwenye masikio hulisikia gari kabla halijafika, akajivuta pembeni bila hata kufikiri. Yeye gari alilijua likishampita, upepo wake ukimpiga shavuni. Siku moja teksi ilimgusa kiwiko. Alirudi nyumbani na matope mpaka nywele, mikate mingine imebaki mtaroni.

Binti yao alikuwepo. Hakumung'unya maneno.

"Mama, acha. Baiskeli ya mtu asiyesikia ni jeneza lenye magurudumu."

"Niache nikafanye nini? Nikae hapa nimtazame baba yako akigonga kuta?"

"Baba, sema neno basi!"

Kesho yake baba alimshika mkewe mkono, wakaenda kwenye duka la vipuri vya baiskeli.

Muuza vipuri alikuwa mtu wa maskhara. Alisikiliza shida yao, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Yaani asiyeona amekuja kumchagulia kioo asiyesikia."

"Na tumekuja kwa asiyejua kunyamaza," mama akamjibu. "Toa vioo."

Akatoa viwili. Kimoja bapa, kama cha kunyolea ndevu. Kingine kimevimba katikati, kama tumbo la kijiko ukikigeuza.

"Hiki bapa kinakuonyesha gari jinsi lilivyo," muuza vipuri akaeleza. "Ila kinakupa kipande tu cha barabara. Hiki kilichovimba kinakupa barabara nzima, na njia ya pembeni, na mbwa. Ila kinapunguza vitu. Gari lipo mgongoni, chenyewe kinakuonyesha dogo, unadhani bado liko mbali."

Mama alitaka kile bapa. Alisema kingine kinampa pua ya kiboko. Mumewe akakivuta kile kilichovimba, akakisogeza mpaka karibu na macho, akakigeuzageuza.

"Chukua hiki. Mimi najua kutoona. Afadhali uone yote madogo kuliko uone moja kubwa, mengine yakupitie gizani. Udogo utauzoea."

Mama akakirudisha kile bapa. "Haya. Wewe ndiye mtaalamu wa upofu."

Mzee alikifunga mwenyewe. Aliukunja mkono wa chuma wa kile kioo, akaukaza kwenye usukani, upande wa kushoto, maana sikio lililokufa lilikuwa la kushoto. Akilini mwake kioo kilikwenda kuziba pengo la sikio. Mama naye akaona ni sawa. Hakuna kati yao aliyefikiria magari yenyewe hupitia wapi.

Mama akaenda kazini, akarudi ameshika kiuno.

"Mzee, nakushukuru. Leo nimekagua mitaro yote ya mji. Nimeona vyura, nimeona kiatu kimoja cha mwanamume. Magari yote yamenipita kulia."

Mzee alikaa chini kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi. Kisha akakihamisha.

Kukitumia nako kulikuwa kazi. Barabara ikiwa mbovu kioo kilitetemeka, picha yote ikawa uji. Mzee akakata kipande cha tyubu, akakivingirisha chini ya kibano kinachoshika kioo, kikatulia. Jioni walikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala. Mama anaendesha pole pole, mzee anamfuata kwa miguu, ameinua mkono. Mama anatazama kiooni anataja vidole. Halafu mzee anasimama kwenye nguzo ya umeme, mama anajifunza mtu wa umbali ule anakuwa na ukubwa gani humo ndani.

"Humu unaonekana kijana," mama akasema siku moja. "Kuanzia leo nitakuwa nakutazama kiooni tu."

Alijiwekea taratibu zake. Jicho moja la haraka, halafu mbele. Atazame kabla ya shimo na kabla ya kukata kona, asitazame akiwa ndani ya kona. Gari likifika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, atoke barabarani, asibishane nalo. Alitoka hivyo mara nyingi mpaka madereva wengine wakawa wanamnyooshea mkono. Hata binti alipunguza maneno.

Asubuhi ile ya ndoo, msimamizi wa tanuri alikuja nyumbani jua halijapanda sana. Mzee alimjua kwa sauti. Alimkaribisha kiti, akasikia kiti hakikuvutwa.

"Mzee wangu," msimamizi akasema, "kaa wewe."

Lilikuwa lori la mchanga. Pale kwenye kidaraja, njia ya kwenda maduka ya ng'ambo.

Walimzika. Baada ya maziko baiskeli ikaletwa nyumbani, gurudumu la nyuma limekunjika kama karatasi. Mzee aliipapasa yote kwa mikono. Alipofika kwenye usukani akakikuta kioo. Hakikuwa na ufa hata mmoja.

Maneno nayo yakaja. Dereva wa lori alisema yule mama alikuwa hatazami mbele, alikuwa akijitazama kwenye kioo, akayumba, akaingia mwenyewe. Neno likatoka kwake likatembea. Watu waliokuja kutoa pole walilisema kwa sauti ya chini, wakidhani asiyeona hasikii pia. Mwanamke mmoja pale nje alimwambia mwenzake, "Uzee wote ule, kujitazama kwa nini?"

Mzee alisikia. Hilo la kujitazama halikumuumiza, maana yeye alimjua mkewe. Lililomuumiza alilisema binti, tena si kwa ubaya, alikuwa analia.

"Kioo kile kilichovimba kinadanganya, baba. Muuza vipuri aliwaambia. Kimemwonyesha lori dogo. Mama kadhani bado liko mbali. Yeye si alitaka kile bapa? Si alitaka?"

"Alitaka," baba akasema.

"Basi tukitupe hiki."

"Kiache."

Tangu hapo hakulala vizuri wala kula. Alikaa na kioo mapajani. Alikisogeza machoni, akaona ukungu na mwanga wa dirisha, basi. Jambo lilikuwa moja tu, na halikumwacha. Je, mkewe aliliona lile lori? Kama hakuliona, au aliliona dogo akadanganyika, basi aliyemuua ni yule aliyekivuta kile kilichovimba dukani akasema chukua hiki. Dereva angebaki na dhambi yake, lakini mzee naye angekuwa na yake, ya kwenda nayo kaburini.

Hatimaye akamwambia binti, "Nipeleke kidarajani."

"Ukafanye nini, baba? Huwezi kuona kitu."

"Sitaki kuona. Nataka kuuliza."

Wakaenda, yeye ameshika bega la binti. Kidaraja kilikuwa kifupi, chembamba, kina bomba la chuma kila upande kama uzio. Mzee alilipapasa lile la kushoto. Lilimfika kiunoni. Magari yalipita karibu mpaka binti akamvuta shati. Mwisho wa daraja, chini ya turubai, alikaa fundi viatu. Aliposikia ni kina nani aliweka sindano chini, akampa mzee kibao chake cha kukalia.

"Pole, mzee wangu. Mama alikuwa ananiachia mkate kila asubuhi. Nilitaka kuja huko kwenu. Sikujua nitaingiaje."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa ndiyo natandaza vitu."

"Alikuwa anajitazama?"

"Nani kasema? Dereva?" Fundi viatu akatema mate pembeni. "Mzee, yeye alishaingia darajani, lori likaja nyuma yake linakimbia. Nilimwona anatupa jicho kwenye kioo, mara moja. Hakuyumba. Aliinuka kwenye kiti, akakanyaga kwa nguvu zake zote, aje hadi hapa bomba linapoishia. Amebeba kreti imejaa. Mimi nimesimama napunga mikono, napiga kelele kama mwehu, najua hasikii. Lile lori halikupunguza hata kidogo."

Binti alikuwa amejifunika uso na mtandio. Mzee alikuwa ameshika magoti yake.

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Nilimkimbilia, nikampakata kichwa. Nikamuuliza, akawa kimya, nikadhani kaenda. Kumbe nilikuwa nauliza sikio lile bovu. Akageuza uso mwenyewe, akatazama mdomo wangu. Nikamuuliza tena, mama, hukuliona?"

"Akajibu?"

"Alijibu."

"Nataka maneno yenyewe. Usipunguze, usiongeze."

Fundi viatu alisubiri gari moja lipite, ili mzee asikie vizuri. Kisha akamwambia alivyosema mkewe:

"Nililiona mapema, mwanangu. Sikuwa na pa kwenda."